Nani Hudumu Rangi Tatu?

Chamazi si mbali na Mbagala Rangi Tatu. Ukiingia huko utakutana na Azam Complex, uwanja wa mpira wa Azam FC, timu ya kampuni za Said Salim Bakhresa. Vijana wa Mbagala wanaijua hadithi ya tajiri huyo, au angalau ufupisho wake: mtoto wa Zanzibar aliyeacha shule akiwa na miaka 14, akauza urojo, akafungua mgahawa, na leo unga wake, juisi yake na king'amuzi chake viko nyumba kwa nyumba. Semina za ujasiriamali haziishi kuirudia. Msimuliaji humalizia palepale kila siku: jitume, usikate tamaa, na wewe utafika.

Kinachoachwa nje ya hadithi ni majira. Mgahawa ulikuwa wa miaka ya 1970. Usagaji wa nafaka ulikuja baadaye, wakati mashirika ya umma yaliyohodhi unga yalipoanza kuyumba. Mwaka 1984 bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana alikozipata. Mwaka uliofuata akaingia madarakani Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na milango ikazidi kufunguka. Tajiri mwingine, Reginald Mengi, aliyeanza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake katika miaka hiyohiyo ya uhaba, alikuwa tayari mhasibu mkubwa aliyeongoza ofisi ya Coopers & Lybrand nchini. Juhudi walikuwa nazo, hilo halina ubishi. Lakini pia ruksa ilipotoka iliwakuta wamesimama mahali pazuri, mmoja akiwa na biashara inayozunguka, mwingine akiwa na taaluma na jina.

Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini wajasiriamali wengine hufika mbali na wengine huishia njiani hawezi kutosheka na wasifu wa waliofika. Amtazame pia aliyeanza na akafunga. Kwa kazi hiyo Mbagala ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,346,674 katika Wilaya ya Temeke, na Mbagala ni moja ya sehemu zake zilizofurika zaidi. Ukiteremka Barabara ya Kilwa kutoka Mtoni kwa Aziz Ali, ukapita Misheni, Kizuiani na Zakhem hadi Rangi Tatu, utapata kila aina ya biashara ndogo inayojulikana Dar es Salaam: wakala wa simu chini ya mwavuli, mama ntilie, fundi cherehani, genge, saluni, gereji ya bodaboda, muuza mitumba aliyetandika turubai chini. Utafiti wa taifa wa biashara ndogo uliotolewa 2012 ulikuta Tanzania ina biashara za namna hii zaidi ya milioni tatu, zaidi ya nusu zikiwa za wanawake. Nyingi zilikuwa na mtu mmoja tu, mwenye mali mwenyewe. Kwa hiyo watu wenye ari ya kuanza wapo tele. Biashara inayofikisha mwaka wa tano ikiwa na mfanyakazi wa tatu ndiyo adimu.

Chanzo kikubwa cha hali hiyo ni kwamba mfanyabiashara mdogo wa pembezoni mwa Dar es Salaam hapati muda. Hana hakika ya kukaa mahali pamoja, kwa masharti yaleyale na kwa mtaji uleule, kwa kipindi kinachotosha biashara kukomaa. Ujuzi, mikopo, kodi, familia na barabara vyote vina nafasi yake katika habari hii, lakini kila kimoja kinauma pale kinapomkatia muda huo.

Eneo ndilo la kwanza, kwa sababu biashara ndogo haina kitu kingine cha kuitangaza. Muuza chipsi wa Kizuiani hana bango wala tangazo la redio. Ana kona yake, na wateja waliozoea kumkuta hapo saa moja jioni. Mwondoe kwenye kona hiyo umsogeze mita mia mbili, na utakuwa umemnyang'anya mali ambayo haikuandikwa popote.

Na kumwondoa imekuwa desturi. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, wauza maji, wauza karanga na wengine waliohesabiwa kuwa wazururaji walizolewa jijini ili wakalime vijijini. Enzi ya Mwinyi ikawaacha wapumue. Mwaka 2006 wakabomolewa vibanda. Kisha likajengwa Machinga Complex pale Karume, Ilala, kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, ghorofa la kuwaweka maelfu ya wafanyabiashara. Kwa miaka sehemu kubwa ya vizimba vyake ilikaa tupu, kwa kuwa mnunuzi wa soksi hapandi ghorofani kuzitafuta. Desemba 2016 Rais John Magufuli akaagiza machinga, yaani wafanyabiashara hao wa mitaani, wasisumbuliwe. Desemba 2018 akatoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, Sh20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka. Ikawa kama hati ya kukaa popote. Kufika Oktoba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, mikoa ikaagizwa kuwapanga upya, na vibanda vya kandokando ya barabara za Dar es Salaam vikaondolewa ndani ya wiki chache.

Kila moja ya amri hizo ilikuwa na hoja yake. Mitaro ilikuwa imezibwa, waenda kwa miguu walikuwa wakipita katikati ya magari, na mwenye duka anayelipa kodi alikuwa amezibiwa mlango na asiyelipa. Lakini ziweke katika mstari mmoja uzitazame kwa jicho la mtu mwenye mtaji wa Sh200,000. Atajifunza nini? Atajifunza kutojenga meza imara, kutonunua jokofu, kutomwajiri mtu. Atauza kinachobebeka, kwa sababu kesho anaweza kuhitaji kukibeba. Ule udogo ambao wataalamu huulaumu kwa kukosa maono ni hesabu aliyoipiga vizuri kabisa.

Mbagala ilipata somo jingine la eneo kupitia mabasi ya mwendokasi. Awamu ya pili ya mradi, kilomita 20.3 kutoka katikati ya jiji hadi Rangi Tatu, ilianza kujengwa 2019 na kampuni ya Sinohydro kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa miaka kadhaa Barabara ya Kilwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Wenye maduka ya mbele walikaa nyuma ya mitaro iliyochimbwa, mteja wa ng'ambo akiona uvivu kuvuka. Mabasi yalipoanza kupita humo mwaka 2025, mkondo wa watu ukahama. Zamani daladala ilisimama karibu popote konda alipogonga bati, na kila kituo cha uchochoroni kikawa na soko lake dogo. Basi la mwendokasi linasimama kwenye vituo vyake tu. Fremu iliyo karibu na daraja la waenda kwa miguu ikapanda thamani, na ile iliyo katikati ya vituo viwili ikabaki inatazama magari yakipita. Kwa abiria aliyekuwa akiingilia dirishani ili apate kiti cha Kariakoo, mradi ni ukombozi. Kwa muuza maji wa kituo kilichokufa ni habari nyingine. Hapa hakuna wa kulaumiwa, ila ni ushahidi kwamba mafanikio ya mtu yanaweza kuamuliwa na mchoro wa mhandisi ambaye hatamwona kamwe.

Anayejaribu kukwepa kero hizi kwa kupanga fremu anakutana na masharti mengine. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Palipochangamka kuna kilemba, fedha anayolipwa mpangaji anayeondoka ili aachie nafasi. Juu yake kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba na mpangaji kazi yake ni kuikata na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA). Mtaani mambo hayaendi hivyo. Mwenye nyumba hutaka pango lake kamili, na mpangaji asiyetaka kugombana naye huilipa zuio hiyo kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo kabla hajaweka bidhaa ya kwanza rafuni, sehemu kubwa ya mtaji imekwisha kuingia kwenye ukuta.

Hapo ndipo mkopo unapoingia, na hapa inafaa kupiga hesabu pole pole.

Tuseme muuza chipsi wetu anakopa Sh300,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, riba asilimia 20 kwa mwezi, marejesho kila siku. Anadaiwa Sh360,000, yaani Sh12,000 kwa siku kwa siku 30. Mara nyingi hukatwa ada ya fomu kabla hajaondoka, hivyo hata hizo laki tatu hazishiki zote. Siku ya 15 amekwisha kurudisha Sh180,000, lakini riba bado inahesabiwa kana kwamba laki tatu nzima iko mikononi mwake. Kwa wastani wa mwezi mzima alikuwa na kama nusu tu ya fedha alizokopa, kwa hiyo riba ya kweli inakaribia asilimia 40. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Kwa ukomo huo riba ya mwezi ya laki tatu haizidi Sh10,500.

Tatizo kubwa zaidi ya riba ni ratiba. Siku ya kwanza ya mkopo ndiyo siku ya kwanza ya deni, ilhali gunia la viazi lililonunuliwa leo litarudisha fedha yake kidogo kidogo, na mvua ya jioni mbili inaweza kuikata nusu. Kama faida yake ni Sh20,000 kwa siku, inayobaki baada ya rejesho ni Sh8,000, na hiyo ndiyo ya kula, nauli na ada ya mtoto. Ikikosekana siku moja, anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Ndiyo maana mikopo hii imebandikwa jina la kausha damu. Imehamia pia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, baadhi zikijulikana kwa kuwapigia ndugu na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha.

Upande wa serikali kuna mkopo ulio kinyume kabisa na huo. Tangu sheria ya 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Kwa wazo, hauna kasoro. Katika utekelezaji, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zilikuta vikundi hewa na marejesho yaliyopotelea njiani, na Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kusitishwa kwake mpaka utaratibu mpya upatikane. Ulirudi 2024. Kikundi cha Charambe, humohumo Mbagala, kilichokuwa kimerejesha vizuri na kilichokula fedha vilisubiri pamoja zaidi ya mwaka mmoja. Muda, tena.

Katikati ya kausha damu na halmashauri ndipo wanawake wa Mbagala wamejijengea mfumo wao wa vikundi vya akiba, vikoba. Vikoba vilianza kuenea Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, vikifuata mtindo wa vikundi vya akiba vya wanawake wa Niger. Kisanduku cha chuma kina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti ili asiwepo wa kufungua peke yake. Hisa hununuliwa kila wiki na kugongwa muhuri kwenye kitabu, mfuko wa jamii unawekwa kando kwa msiba na ugonjwa, na mkopo hutolewa mbele ya macho ya wote. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilivitambua na kuvitaka visajiliwe.

Kikoba kina nguvu ambayo benki haina: wanachama wanamjua mkopaji, wanaijua biashara yake, na wanaujua hata ugomvi wake na mumewe. Ila kina mwisho wake. Vingi huvunjwa mwisho wa mwaka. Desemba fedha yote inagawanywa, sehemu inakwenda kwenye sikukuu, sehemu kwenye ada na sare za Januari, na akiba inaanza tena kutoka sifuri. Mashine ya kusaga ya Sh3 milioni hainunuliki kwa mtaji unaozaliwa Februari na kufa Desemba. Vikundi vilivyokubaliana kubakiza sehemu ya fedha na kuvuka nayo mwaka hadi mwaka ndivyo vinavyofika pengine.

Vipi kuhusu elimu ya biashara? Kuna ushahidi mzuri, na umetoka Dar es Salaam yenyewe. Wachumi watatu wa Norway, Lars Ivar Oppedal Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden, waliwafuatilia wateja wa taasisi ya mikopo ya PRIDE jijini. Kwa kura, baadhi walipata mafunzo yaliyoendeshwa na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadhi walipewa fedha za bure za kuongeza mtaji, baadhi vyote viwili. Matokeo, yaliyochapishwa 2015 katika jarida la Management Science, yalionyesha kwamba mchanganyiko wa mafunzo na fedha uliinua biashara za wanaume kwa nguvu. Kwa wanawake athari yake ilikuwa hafifu.

Matokeo hayo yanaumiza, hasa kwa taasisi ambazo wateja wake wengi ni wanawake. Hayasemi kwamba wanawake hawakuelewa somo. Mwanamke aliyefundishwa kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani anarudi jioni kwenye nyumba ambayo yeye ndiye biashara na yeye ndiye jiko. Mtoto akiugua, meza ya nyanya haifunguliwi. Mume akijua kuna laki moja kwenye kibubu, mahitaji hayakosekani. Ndiyo maana utafiti mwingine wa Benki ya Dunia, uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya kuhusu akaunti ya akiba ya simu ya M-Pawa, una maana zaidi ya inavyoonekana. Wanawake wafanyabiashara waliohamasishwa kuitumia waliweka akiba zaidi na kupata mikopo midogo mingi kuliko wenzao. Akaunti iliyofungwa kwa namba ya siri huzuia macho kuliko kibubu cha chini ya kitanda.

Kuna pia swali la nini kifundishwe. Katika mji wa Lomé, Togo, watafiti waligawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi. Kundi moja lilisomeshwa kozi ya kawaida ya hesabu, masoko na mipango, jingine likafundishwa tabia za kuthubutu: kutafuta fursa mapema, kujiwekea malengo, kutong'ang'ania kuiga. Kwa mujibu wa ripoti yao ya 2017 katika jarida la Science, faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30, na ya kozi ya kawaida ilipanda kwa kiasi kidogo ambacho hakikuweza kuthibitishwa kitakwimu.

Suala la kuiga linaigusa Mbagala moja kwa moja. Mtaa ukipata duka moja la vifaa vya simu linalouza, baada ya miezi michache yapo sita, yote yakiuza kava zilezile zilizotoka Kariakoo kwa jumla ileile. Faida inagawanywa mpaka haishibishi mtu. Lawama ya uvivu wa kufikiri hutolewa haraka mno hapa. Anayeweka mtaji wake wote mahali pamoja, bila bima na bila wa kumwinua akianguka, ana haki ya kuchagua kitu ambacho ameona kwa macho yake kwamba kinauzika.

Na kuwa pamoja si kosa siku zote. Keko, humohumo Temeke, mafundi wa samani wamejazana tangu zamani na wanafaidika kwa kujazana. Anayetaka kitanda anajua aende wapi. Asiye na mashine ya randa anapeleka mbao kwa jirani mwenye nayo. Kijana anajifunza kwa kushika msasa, akiiva anafungua chake hatua chache mbele. Tofauti yao na maduka sita ya kava ni kwamba Keko wanatengeneza, na wanaotengeneza wanaweza kugawana kazi. Wanaouza kitu kilekile wanaweza tu kupunguziana bei.

Mteja wa Mbagala naye ana sheria zake. Ananunua kwa kipimo: mafuta ya kupikia ya mia tano, unga robo, sabuni kipande. Viwanda vikubwa vya Dar es Salaam vimetajirika kwa kumwelewa mteja huyu na kumfungia bidhaa katika pakiti ndogo. Mjasiriamali mdogo anayesindika siagi ya karanga au achari huanza vibaya kwa kutaka chupa kubwa ya kioo na rafu ya supamaketi. Akitaka kufika huko kweli, njia ipo lakini ni ndefu. SIDO, shirika lililoanzishwa 1973, humpa barua ya utambulisho. Kwa barua hiyo Shirika la Viwango (TBS) huwahudumia wadogo bila malipo katika kipindi cha mwanzo. Kisha ataomba msimbo mstari wa GS1, ule unaoanza na 620 kwa bidhaa za Tanzania. Wengi hawajui kwamba hatua ya kati ni bure.

Faida ya Mbagala ambayo haizungumzwi sana ni kwamba ni lango la kusini. Machungwa na mananasi ya Mkuranga, mihogo, nazi, korosho na samaki wa Kilwa hupita hapa kabla ya kufika mjini. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa 2003, lilibadilisha kabisa safari hiyo ambayo zamani ilitegemea kivuko na kudra za mvua. Utegemezi nao una hatari yake. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara eneo la Somanga, na malori yakakwama siku kadhaa. Kwa mwenye ghala hizo ni siku za kusubiri. Kwa mama wa genge ambaye hununua leo cha kuuza leo ni likizo isiyo na mshahara.

Majanga yenyewe Mbagala inayajua. Aprili 29, 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka katika kambi ya Mbagala, watu zaidi ya 20 wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika, na pamoja nazo vibanda, cherehani na majokofu yaliyokuwa ndani. Julai 2021 ikawa zamu ya soko kuu la Kariakoo kuungua. Ila kinachomaliza biashara nyingi hakifiki gazetini. Ni kulazwa kwa mzazi, oparesheni, msiba wa kusafirisha mwili hadi Lindi. Mtu anakula mtaji, na akitoka hospitali hana pa kurudi. Ukitaka kujua sera ipi ya afya ni sera ya biashara, anza na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Ikitekelezwa hadi mtaa wa Kibonde Maji, itaokoa mitaji mingi kuliko semina zote za ujasiriamali.

Kuhusu kodi, kelele nyingi humhusu asiyelipa, ilhali mzigo mzito uko juu yake kidogo. Mwenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Anayevuka hapo hadi Sh7 milioni na hatunzi kumbukumbu analipa Sh100,000. Anayezitunza analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni nne. Mwenye mauzo ya milioni tano na daftari safi analipa Sh30,000, na mwenzake asiye na daftari anaitoa laki nzima. Hiyo ni tofauti ya Sh70,000 kwa kuandika tu. Mauzo yanapofika Sh11 milioni inaingia mashine ya risiti za kielektroniki, na wengi husimama kabla ya mstari huo au kuvunja biashara moja kuwa mbili kwa majina ya ndugu. Mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei 2023 ulihusu zaidi namna ya kukusanya kuliko viwango: ukaguzi wa kuvizia na usajili wa stoo. Mwenye genge Mbagala hakugoma, lakini bei yake ya jumla inapangwa Kariakoo, na duka la Kariakoo likifungwa siku mbili naye hana bidhaa.

Simu imepunguza baadhi ya maumivu haya. M-Pesa ilifika Tanzania 2008, na leo hata muuza mihogo ana namba ya kulipia. Utafiti wa FinScope wa 2023 ulikuta asilimia 76 ya watu wazima wakitumia huduma rasmi za fedha. Bado tozo ya miamala ya Julai 2021, iliyopunguzwa baada ya malalamiko, iliwakumbusha watu jinsi njia hiyo nayo inavyoweza kubadilishiwa bei kwa usiku mmoja.

Kufanikiwa ni jambo moja, kugusa maisha ya wengine ni jingine, na hapa jina la kituo kimoja cha Barabara ya Kilwa lina habari. Aziz Ali, aliyeachia jina lake Mtoni, alikuwa mkandarasi wa ujenzi enzi za ukoloni, mmoja wa Waafrika wachache wa Dar es Salaam waliotajirika kwa kazi hiyo wakati mikopo ya benki na zabuni kubwa zikienda kwa wengine. Mwanawe, Dossa Aziz, akawa mfadhili wa chama cha TANU katika miaka yake ya mwanzo, na gari aina ya Land Rover alilotoa lilimbeba Julius Nyerere kwenye mikutano. Mali ya familia moja ya Mtoni iliingia katika historia ya nchi kwa sababu ilipata miaka ya kutosha kukua, na ikapata mrithi aliyejua pa kuitumia.

Wajasiriamali wa namna hiyo kwa kipimo kidogo wapo Mbagala leo. Ni mwenye gereji anayefundisha vijana wanne kwa wakati mmoja. Ni mwenye bodaboda tatu anayezitoa kwa mkataba, dereva akilipa hesabu ya kila siku mpaka pikipiki inakuwa yake. Ni mshona nguo aliyepata oda ya sare za shule na kuwagawia mafundi wenzake wa mtaani. Ukiwauliza walianza lini, wengi wana zaidi ya miaka kumi mahali palepale, na wengi wamekaa kwenye kiwanja cha familia, nyumba ya mzazi au fremu ya shangazi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwatoa.

Halmashauri haiwezi kumpa kila mtu shangazi mwenye fremu. Inachoweza ni kuandika mkataba. Manispaa ya Temeke inapanga masoko, inapokea ushuru wa kila siku, na inashika mfuko wa asilimia 10. Meza ya soko iliyo jirani na kituo cha mwendokasi ikitolewa kwa mkataba wa miaka mitano, wenye ushuru uliotajwa mapema na sharti kwamba akihamishwa kabla ya muda huo atalipwa, inakuwa kitu ambacho benki inaweza kukisoma na mkopo wa halmashauri unaweza kukifuata. Kwa sasa mwenye meza ana risiti ya ushuru ya jana, na ya leo hajaipata.